Skonzi Ziliondoka, Pango Likabaki

Ukiajiriwa leo kwenye uhasibu wa kiwanda kidogo, huenda ukatupiwa swali nililotupiwa mimi wiki ya kwanza: "Hebu tuambie, bidhaa gani inatutia hasara?" Nilikuwa na cheti kipya na haraka nyingi. Nilijibu ndani ya siku mbili, na jibu langu likakigharimu kiwanda laki tatu kwa mwezi.

Tulikuwa tunaoka mikate, skonzi na keki za oda. Mauzo ya mwezi yalikuwa kama milioni 15: mikate 9, skonzi 3, keki 3. Gharama za pamoja, yaani pango, mlinzi, msimamizi, leseni na vikorokoro vingine, zilifika milioni 2.4. Nikazigawa kwa uwiano wa mauzo, kila bidhaa ikabeba asilimia 16 ya mauzo yake. Skonzi, ukishatoa unga, sukari, mafuta na vibarua wake, zilikuwa zinabakiza 300,000. Nilipozitwisha mgawo wa 480,000, zikasoma hasara ya 180,000. Nikaiandika kwa wino mwekundu. Bosi akazifuta.

Mzee wa tanuri alinionya. "Mwanangu, skonzi naziingiza mikate ikishatoka, kwa moto uliobaki. Hazili kuni zangu." Nikamwona hajui mahesabu.

Pango lilikuwa limelipwa miezi 6 mbele. Mwenye nyumba hakurudisha chochote. Mlinzi aliendelea kulinda geti lilelile kwa mshahara uleule. Milioni 2.4 haikupungua hata senti, ila sasa ilibebwa na mauzo ya milioni 12, kwa hiyo mgawo ukapanda hadi asilimia 20. Faida ya kiwanda ikashuka kutoka 900,000 hadi 600,000. Kituko zaidi ni mikate: mwezi uliopita ilionyesha faida ya 360,000, sasa ikasoma sifuri. Bosi akaniuliza kama nayo tuifute.

Kwa hiyo kabla hujaipa bidhaa jina la hasara, chukua kalamu, pitia gharama zake moja moja na ujiulize: hii nikiiacha bidhaa, nitaacha kuilipa? Unga, ndiyo. Pango, hapana. Kinachobaki baada ya kutoa zile za "ndiyo" ndicho mchango wake kwenye pango na mishahara. Skonzi zilikuwa zinachangia laki tatu, mimi nikazifukuza. Kama tanuri lingekuwa limejaa na mikate inakosa nafasi, hesabu ingekuwa nyingine: ungelinganisha kila bidhaa inaleta mchango kiasi gani kwa saa moja ya tanuri. Letu lilikuwa linapoa bure.

Mgawo wenyewe nao ulikuwa na walakini. Nilikaa na daftari wiki mbili karibu na msimamizi, nikiandika dakika zake. Saa 11 alfajiri wauza mikate walibeba kreti zao, wakasaini, wakaondoka. Kazi ya robo saa. Lakini keki moja ya shilingi 40,000 ya birthday! Mama mwenye oda alipiga simu mara nne, akatuma picha, akabadili rangi ya maua, kisha akataka iandikwe jina la mtoto upya. Zaidi ya nusu ya muda wa msimamizi uliliwa na keki, wakati kwenye karatasi yangu zilibeba asilimia 20 tu ya mshahara wake. Robin Cooper na Robert Kaplan wa Harvard waliieneza njia hii ya kufuata shughuli inayozaa gharama miaka ya 1980. Mwenye kiwanda kidogo hahitaji programu yoyote, daftari na saa ya mkononi vinamtosha.

Keki hazikugeuka hasara, ila faida yake ilikuwa nyembamba kuliko tulivyojisifia. Tukaweka malipo ya kubadilisha oda baada ya kukubaliana. Malalamiko yalikuwepo, wateja wakazoea.

Jihadhari pia na kupandisha bei mwezi wa mauzo madogo kwa sababu eti "gharama ya mkate imepanda". Mikate ndiyo imepungua, pango limebaki palepale. Ukipandisha, mwezi ujao utaligawa kwa mikate michache zaidi.

Skonzi tulizirudisha baada ya miezi miwili. Baadhi ya wenye vibanda vya chai walikuwa wameshapata mtu mwingine wa kuwaletea, kwa hiyo tulianza na nusu ya idadi ya zamani. Mzee wa tanuri hakunisema. Alinisogezea trei nimsaidie kupanga.