Barua kwa mwanangu: kiwanja cha Mtwapa na chuo cha Marekani

Mwanangu,

Barua yako ya kukubaliwa nimeisoma yote, pamoja na ule ukurasa wa mwisho wenye maandishi madogo. Hongera sana. Swali lako, kama nimekuelewa, ni hili: chuo cha Marekani kimekupa ufadhili wa dola 22,000 kwa mwaka, ami yako asema tuuze kiwanja cha Mtwapa na tuitishe harambee ili uondoke Agosti, nawe wataka kujua mimi nasemaje.

Nasema tusiuze. Na si kwamba sitaki uende.

Kazi yangu unaijua. Kila muhula wazazi huja pale dirishani pa karo na cheki ya basari, meno yote nje, na mimi ndiye wa kuwasomea salio. Sasa shika kalamu nikusomee lako. Ukurasa wa pili umeandika gharama ya mwaka mmoja, yaani karo, bweni, chakula na ada ndogondogo, kuwa dola 56,000. Toa 22,000. Zimebaki 34,000. Kwa shilingi 129 kwa dola, hiyo ni kama milioni nne na laki nne, na ni mwaka wa kwanza tu. Bima ya afya haimo, wameitaja chini kwa alama ya nyota. Nauli haimo. Tena ufadhili wako ni kiasi hicho hicho kwa miaka yote minne, ilhali karo za huko hupanda karibu kila mwaka, na wastani wako wa alama (GPA) ukiteremka chini ya 3.0 wanauondoa. Kiwanja kikipata mnunuzi mzuri kitakufikisha Februari. Machi utakula nini?

Ami yako asema utafanya kazi. Viza ya mwanafunzi, ile ya F-1, mwanzoni yaruhusu kazi za ndani ya chuo peke yake, zisizozidi saa 20 kwa wiki masomo yakiendelea. Hiyo ni pesa ya vitabu, sabuni na koti la baridi. Haiwezi kuziba shimo la dola 34,000. Na yule mtu wa mjini anayekubali kukuwekea mamilioni kwenye akaunti kwa wiki moja ili upige stetimenti, nisimsikie tena nyumbani kwangu. Chuo hakitoi I-20, ile fomu ya kuombea viza, kabla ya kuona pesa ya mwaka wa kwanza, na afisa wa ubalozi pale Gigiri naye aweza kukuuliza imetoka wapi. Ukishikwa na karatasi ya uongo, mlango wa Marekani waweza kufungwa maisha.

Kitu ambacho hukuambiwa ni kwamba vyuo vya huko havitoi msaada kwa mtindo mmoja. Hicho kilichokukubali kimekupa punguzo kwa ajili ya alama zako, na kwenu nyumbani kukoje hakikuuliza. Kuna vingine vinavyouliza kwanza familia inaweza kulipa ngapi, kisha vinajaza kilichobaki chote. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst hufanya hivyo hata kwa wageni, na wakati wa kukuchagua hawaangalii kama unahitaji msaada. Dartmouth na Bowdoin walijiunga nao mwaka 2022. Kuingia huko ni kugumu, sikufichi. Lakini viko vyuo kama Vassar, au Macalester alikosoma Kofi Annan, ambavyo huangalia uwezo wako kabla ya kukukubali, hivyo uhitaji mkubwa waweza kukuponza, ila wakishasema ndiyo, wanalifunika pengo lote. Kwa mshahara wangu huu, orodha yako ijae vyuo vya aina hizo mbili. Wewe uliomba vinane, nami nimevipitia kimoja kimoja: hakuna hata kimoja.

FAFSA, ile fomu ya msaada wa serikali ya Marekani unayoiona kwenye kila video, si yako, ni ya raia wao na wachache wenye ukaazi. Yako ni CSS Profile, fomu ya mtandaoni ya kuvieleza vyuo hali ya fedha ya familia, au fomu ya chuo chenyewe. Ada ya kuituma ikikushinda, andika barua pepe uombe usamehewe. Wengi husamehe ukiomba mapema.

Na jambo dogo ambalo mtu wa hesabu kama mimi halimpiti: hata ukifadhiliwa kila kitu, sehemu ya ufadhili inayolipia bweni na chakula hukatwa kodi ya asilimia 14 kwa mwanafunzi wa kigeni, na Kenya haina mkataba wa kodi na Marekani wa kukuokoa. Waulize kabla, vyuo vingine hukusaidia kuilipa.

Ami yako amenikumbusha ndege za Tom Mboya zilizopeleka wanafunzi wetu Marekani, kwamba watu walichanga. Walichanga, ni kweli. Lakini wale wanafunzi 81 walioruka Septemba 1959 walikuwa na ufadhili wa masomo mikononi, kilichowakwamisha ni nauli. Harambee ya nauli nitaiitisha mwenyewe, na kadi nitazigawa. Harambee ya karo ya miaka minne haijawahi kufika mwaka wa pili, nimeona kwa watu.

Sasa fanya hivi. Waandikie ofisi ya msaada wa fedha leo, kwa adabu, uwaambie kwetu kunapatikana ngapi, na uulize kama wanaweza kuongeza. Jibu lao lije kabla ya 1 Mei, siku ya mwisho ya kuthibitisha. Wakikataa, washukuru na uiachie nafasi. Ufanye SAT, ule mtihani wa kuombea vyuo vya huko, kwa sababu Harvard, MIT na Dartmouth wamerudisha sharti la mtihani, kisha uombe upya: maombi ya mapema hufungwa 1 Novemba kwa vyuo vingi, ya kawaida mwanzoni mwa Januari. Maombi ya mapema yanayokufunga, kwamba ukikubaliwa lazima uende, usiyatie saini kabla mimi sijasoma.

Nafasi uliyopewa na KUCCPS, wale wanaogawa nafasi za vyuo hapa Kenya, usiitupe, lakini usiharakishe kuripoti. Uliza kama wanakubali uahirishe. Ukishaanza chuo hapa, vyuo vingi vya Marekani vitakuhesabu kama mwanafunzi wa kuhamia, na msaada kwa wageni wanaohamia ni haba mno.

Ukifungua CSS Profile, nipigie tuijaze pamoja. Hati zangu za mshahara za mwaka jana zipo zote, na cheti cha kifo cha babako kimo kwenye faili ya kijani. Mshahara uandike ulivyo, usione haya. Wa ami yako usiuweke, hata akikuambia unasaidia, maana yeye si mzazi wako na watataka stetimenti zake.

Mamako