Karani bado anaona mishahara

SWALI: Shikamoo mzee. Natunza hifadhidata ya SACCOS yetu kwenye PostgreSQL 15. Jedwali la wanachama lina jina, namba ya uanachama, simu, namba ya NIDA na mshahara. Karani wa mapokezi anahitaji vile vitatu vya mwanzo tu, nikamtengenezea mwonekano (dirisha linaloonyesha sehemu tu ya jedwali) kwa CREATE VIEW, nikaweka na security_invoker = true maana nilisikia ni salama zaidi. Ukagoma kufunguka. Nikaliruhusu kundi zima la "ofisi" kusoma jedwali, ukafunguka, kisha karani mwenyewe nikamwondolea ruhusa kwa REVOKE. Juzi nimemsikia akitaja mshahara wa mwenyekiti. Nimekosea wapi? — Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba kijana wangu. Kosa ni hilo kundi. Karani yumo ndani ya "ofisi", na kwa PostgreSQL ruhusa za mtu na za makundi yake hujumlishwa. Ulichomnyang'anya yeye, kundi linamrudishia. Wala hakuna amri ya kumkataza mmoja ndani ya kundi lililoruhusiwa.

Ila chanzo ni ule "usalama zaidi". Kwa kawaida mwonekano husoma jedwali kwa ruhusa za mwenye mwonekano, yaani wewe, na ndiyo maana karani anaweza kuona safuwima tatu bila kuruhusiwa kugusa jedwali. security_invoker, iliyoingia toleo hilohilo la 15, inageuza mambo: anakaguliwa yule anayesoma. Ina kazi yake, lakini si hii. Andika hivi:

ALTER VIEW wanachama_mapokezi SET (security_invoker = false);
REVOKE SELECT ON wanachama FROM ofisi;
GRANT SELECT ON wanachama_mapokezi TO karani;

Mhasibu naye akiwa kwenye "ofisi" atafungiwa nje. Mpe ruhusa yake kwa jina kabla hajakupigia simu.

Halafu jaribu ukiwa karani, usijaribu ukiwa wewe. Mimi niliwahi kumaliza kazi kama hii Ijumaa jioni, nikajaribu nikiwa nimeingia kama postgres, ambaye hazuiwi na kitu. Kila kitu kikafunguka, nikaaga. Jumatatu karani hakuweza kufungua hata jina moja, na foleni imefika nje, kumbe GRANT ya mwisho, ile ya kumpa ruhusa, nilisahau. Kwa hiyo:

SET ROLE karani;
SELECT mshahara FROM wanachama;

Ukijibiwa "permission denied", hapo sawa. Soma na mwonekano wenyewe uone majina yanakuja, kisha RESET ROLE urudi kuwa wewe.

Na kwenye CREATE VIEW taja safuwima kwa majina. Ukiweka nyota (*), yaani safuwima zote, siku utakayouunda upya utabeba na safuwima zilizoongezwa tangu hapo.

Mwisho, ndani ya psql, andika \dp wanachama uone orodha ya ruhusa za jedwali. Ukikuta ruhusa inayoanza na =r bila jina kabla ya alama ya =, hiyo ni PUBLIC, yaani kila mtu. Iondoe leo.