Jibu: Nguzo ya sanduku la barua getini

Mkuu, umeuliza kama mti wa kawaida utafaa kwa nguzo ya sanduku la barua hapo Dodoma. Mti achana nao. Mchwa wa huku hawana adabu. Nguzo yangu ya mti niliipaka oili chafu na bado ililiwa chini kwa chini mpaka ikalala yenyewe.

Tumia bomba la chuma la inchi 2. Chimba shimo la futi 2, weka kokoto kidogo chini, simamisha bomba, hakikisha wima kwa pima maji, kisha jaza zege la 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto). Uso wa juu wa zege uinamishe kidogo ili maji yasisimame kwenye bomba. Wengi hukosea hapa: jua letu hukausha zege haraka mno na linapasuka. Lifunike kwa gunia bichi, mwagilia asubuhi na jioni kwa wiki nzima, sanduku lifunge baadaye.

Ila usifute S.L.P. yako. Barua za kawaida bado zinaishia kwenye sanduku la posta. Hilo la getini litapokea zaidi bili na barua za mtaa. Namba ya nyumba ichoree hapo hapo.