Sio nguchiro huyo

Kaka, umesema huyo mnyama mwenye mistari kwenye picha yako ni nguchiro, hapana, sio, japo mgongo kweli unafanana. Anaitwa numbati, yuko kundi kubwa moja na kangaruu (marsupiali) ila sio ukoo mmoja, na anaishi Australia ya Magharibi, kwenye misitu ya mikaratusi kama ule wa Dryandra. Mdogo tu, hafiki hata kilo 1, mbele ana wekundu wa kahawia halafu kuelekea kiunoni ndo mistari myeupe inaanza, na ule mweusi unaopita kwenye jicho utadhani kapaka wanja, mkia nao manyoya yamesimama kama brashi ya kuoshea chupa. Chakula chake mchwa tu basi, kwa siku anaweza kumaliza mpaka 20,000, ila kichuguu hawezi kukivunja, kucha hazina nguvu hizo, kwa hiyo anafukua njia zao hapo juujuu kwenye udongo anaingiza ulimi mwembamba mreeefu. Ndo maana anazunguka mchana, anafuata saa ambazo mchwa wako karibu na juu. Usiku analala ndani ya gogo lenye uwazi. Afu jike hana ule mfuko wa kangaruu, watoto wananing'inia tu kwenye chuchu 😅