Barua kwa Mwanangu: Kuhusu Kijana Mwenye Uso Mkali

Mwanangu Zuhura,

Parachichi zimefika, mbili tu ndizo zilizopondeka njiani. Ahsante sana.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unasema mlikaa watatu kumsaili mtunza stoo, akaingia kijana mwenye vyeti vizuri, akajibu vizuri, nawe ukampa alama za chini kuliko wenzako kwa sababu "uso wake una kitu". Usiku usingizi ukakukataa. Ndipo ukaniuliza: "Mama, umekaa miaka yote ile ukiwatazama washtakiwa. Hivi mtu mbaya anajulikana kwa sura?"

Hajulikani. Nimeanza na jibu kwa kuwa kuna mtu huko anasubiri kusikia kama amepata kazi. Maelezo ndiyo haya.

Nilikuwa na mwaka wa pili tu katika uhakimu alipoletwa mbele yangu kijana aliyeshtakiwa kuvunja nyumba usiku na kuiba. Alikuwa na kovu lililoshuka kutoka kwenye nyusi hadi shavuni, na macho mazito yasiyopepesa. Karani hajamaliza kusoma shtaka, mimi moyoni nimeshamaliza: ndiye huyu. Sikuliandika popote. Lakini tangu hapo kila shahidi wa mashtaka nilimwona mkweli, na kijana alipojitetea nilisikia ujanja. Mwenye nyumba alisema alimwona mwizi kwa mwanga wa kibatari, akitokea dirishani. Nikaridhika.

Kilichonizuia ni kesi ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, iliyoamuliwa na Mahakama yetu ya Rufani mwaka 1980. Hakimu yeyote wa Tanzania anaijua. Mahakama ilisema ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu mno, usitegemewe mpaka kila uwezekano wa kukosea uwe umeondolewa. Ikataja na ya kuuliza: shahidi alimtazama mtu huyo kwa muda gani, kwa umbali gani, mwanga ulikuwaje, je, alimfahamu kabla ya siku hiyo? Usiku wa kuamkia hukumu nilifungua jalada nikatafuta majibu. Muda, "kidogo tu". Kibatari kilikuwa chumba cha pili. Hakuwahi kumwona kabla. Na zaidi ya macho ya shahidi huyo mmoja, hapakuwa na kitu.

Nilimwachia. Alikuwa ameshakaa mahabusu miezi saba kwa kukosa wadhamini. Baadaye karani akanieleza alichosikia kwa mama wa kijana, aliyekuwa akikaa kwenye benchi la nje kila tarehe ya kesi: kovu lile mwanawe alilipata alipoangukia jembe, akiwa na miaka sita. Sisemi nilithibitisha kwamba hakuiba, hiyo si kazi ya mahakama. Ninachosema ni kwamba nilikuwa tayari kumfunga mtu kwa ajili ya jembe la mama yake, na nisingejua kamwe kwamba nimefanya hivyo. Hilo ndilo linalonitisha hadi leo.

Tangu nistaafu nimesoma sana juu ya jambo hili. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, Janine Willis na Alexander Todorov, walitoa majibu ya jaribio lao. Waliwaonyesha watu picha za nyuso za wageni kwa sehemu ya kumi ya sekunde, kisha wakauliza: huyu ni mwaminifu? Ana uwezo? Ni mkali? Majibu yakafanana sana na ya watu walioachiwa kutazama wapendavyo. Walipoongezewa muda, hukumu zao hazikubadilika sana, ila waliziamini zaidi. Soma tena hapo, mwanangu, maana ndipo ulipo wewe. Uliketi na kijana yule nusu saa nzima ukidhani unampima, kumbe pengine ulikuwa unazidi kuamini ulichokwisha kuamua alipofungua mlango.

Na kwa nini akili ifanye hivyo? Maelezo yaliyoniingia ni kwamba imezoea kusoma hasira na furaha, kazi ambayo inaifanya vizuri mno. Mtu akikasirika nyusi hushuka, akifurahi pembe za mdomo hupanda. Sasa akija mtu aliyeumbwa na nyusi za chini na mdomo ulioinama, hana hasira na mtu, ametulia tu, akili yako inasoma hasira palepale. Kisha inaigeuza hasira hiyo ya kudhani kuwa tabia: ni mkorofi, ana siri, usimpe funguo. Mwenye uso wa kitoto naye hupewa upole ambao huenda hana. Kwa hiyo "kitu" ulichokiona kwenye uso wake ulikiona kweli, sikukatalii. Kosa liko katika kukiita tabia yake.

Usidhani haya yanaishia kwenye ajira. Huko Florida, Marekani, watafiti John Paul Wilson na Nicholas Rule walikusanya picha za wafungwa waliotiwa hatiani kwa mauaji, wengine wakiwa wamehukumiwa kifo, wengine kifungo cha maisha. Waliwapa picha hizo watu wasiojua lolote, wawapime kwa uaminifu wa sura tu. Matokeo yalitoka mwaka 2015: waliohukumiwa kifo walionekana wasioaminika zaidi. Wakatazama pia watu waliofungwa na baadaye ikathibitika hawakutenda kosa. Mambo yakawa yaleyale. Watu wasio na hatia, na sura bado ilikuwa imewasogeza karibu na kifo. Nilipolisoma hilo nilifunga kitabu, nikakaa barazani mpaka magharibi.

Wako waliojaribu kuutafuta huo uso wa mhalifu kwa bidii zote. Mwingereza Francis Galton, mwaka 1878, alichukua picha za wafungwa, wauaji na wanyang'anyi, akazipandisha moja juu ya nyingine katika bamba moja, akitumaini alama ya ubaya itajitokeza yenyewe. Alipata uso wa mtu wa kawaida, tena mzuri kuliko nyuso alizoanzia. Ule ubaya ulikuwa umefutika.

Jambo jingine ni kwamba uso wa mgeni hatuuoni vizuri kama tunavyofikiri. Huko Uingereza watafiti waliwapa watu picha 40 wakawaambia wazipange, kila mtu na fungu lake. Kwa wastani walitoa mafungu saba, nane. Zilikuwa picha za wanawake wawili tu, watu maarufu wa Uholanzi. Waholanzi wanaowafahamu walipopewa picha hizohizo, walitoa mafungu mawili bila taabu. Wewe kijana yule ulimwona mara moja, chini ya taa ya ofisi, akiwa na hofu ya usaili. Hujamwona bado.

Nilikuwa sijapanga kukuandikia hili la mwisho, lakini naona ni lako. Unakumbuka ulipokuwa darasa la tano ukarudi na ripoti iliyoandikwa "mjeuri"? Nilikwenda shuleni kumuuliza mwalimu umefanya nini. Akafikiri sana, akasema, "Hakufanya kitu, mama, ila anavyonitazama." Nyusi hizo umezichukua kwa baba yako. Alipokuja kuposa, bibi yako alinivuta jikoni akaniuliza kama nimeona uso wa mtu ninayetaka kwenda kukaa naye. Baada ya mwaka mmoja yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akimwita mwanangu, akimwekea kichwa cha samaki. Ulilia usiku ule wa ripoti, nami nikakosa la kukuambia.

Sasa fanya hivi. Karatasi za usaili bila shaka bado mnazo. Mwombe mwenzako afunike majina, akuchanganyie, kisha usome majibu ya swali la kwanza kwa wasailiwa wote, uyape alama, ndipo uende la pili. Wapigie simu waajiri wake wa zamani uulize kuhusu hesabu za stoo: zilikuwa zinafungwa kwa wakati, kuna mali iliwahi kupotea? Akishindwa hapo, ameshindwa kwa haki, na utalala. Asiposhindwa, waeleze wenzako kwamba alama zako za kwanza unazifuta, na uwaambie sababu.

Ila usichelewe. Umesema jibu linatoka Ijumaa.

Mimi mama yako