Namba 10 ya nani? Kulabu ya kroshia kwenye ncha ya shato

Swali

Habari za kazi, mama. Mimi ni seremala hapa Jinja. Mke wangu na wenzake wanatengeneza lesi za tatingi, zile za kufunga vifundo vya uzi kwa vidole, nami nimeanza kuwachongea mashato, vile vidude vya bapa mbili vyenye umbo la mashua vya kubebea uzi, kwa vipande vya mvule vinavyobaki karakana na kwa pembe za ng'ombe wa Ankole. Wameniomba kila shato liwe na kulabu kwenye ncha, wasiwe wanaliweka chini kila mara kutafuta sindano ya kroshia. Nilielekezwa nitumie namba 10. Nikanunua sindano za chuma namba 10, nikakata vichwa, nikavipachika. Sasa wanalalamika kwamba kulabu haipiti kwenye pikoti, vile vitanzi vidogo vinavyoachwa wazi kati ya vifundo, na tena inanasa uzi. Uzi wao ni namba 10, wengine 20. Nimekosea wapi, na nichague saizi gani?

Jibu

Mwanangu, mkono wako haujakosea. Umepewa namba bila kuambiwa ni ya nani. Katika sindano nyembamba za chuma, namba 10 ya Wajapani ni milimita 0.75, na namba 10 ya Wamarekani ni milimita 1.3 hivi. Nadhani aliyekuelekeza alikuwa na ya Kijapani mkononi, wewe ukauziwa ya Kimarekani, na hiyo nusu milimita ndiyo inayowakunjisha uso akina mama. Juu ya hapo kuna namba 10 ya tatu, ile ya uzi, ambayo haina undugu na hizo mbili. Kwenye uzi, namba ikipanda uzi unakonda: 10 ni mnene, 20 umekonda kidogo, 40 zaidi, na 80 unakaribia uzi wa cherehani.

Kwa hiyo dukani usiulize namba, uliza milimita. Sindano nyingi zinazouzwa kwetu sokoni zimeshatolewa kwenye pakiti yake, zimefungwa kwa mpira kumi kumi, na muuzaji mwenyewe hajui zimetoka wapi. Kama huna kalipa, kile kipimo cha unene, chukua kipande cha bati, umwombe fundi redio akutobolee kwa keekee yake ndogo tundu la milimita 0.8, la 1.0 na la 1.3, uandike kando ya kila tundu kwa msumari. Bati hilo linakaa mfukoni. Sindano ikipita kwenye 0.8 kwa kubana, umepata unayoitafuta. Pima sehemu iliyo nyuma kidogo ya kichwa, kabla mpini haujaanza kunenepa, maana hapo ndipo saizi inaposomwa.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, kwa sababu hata ungepewa milimita sahihi ya mfumaji wa kroshia, shato lako lingekukatalia bado. Katika kroshia sindano ndiyo kipimo: tundu la mfumo linazungushwa kwenye mpini, mpini ukinenepa tundu linakua. Katika tatingi kifundo kinafungwa na vidole, na ukubwa wake unatokana na uzi na mkazo wa mkono. Kulabu inaitwa mara moja moja tu, wakati wa kuunga pete moja ya vifundo na nyingine. Inaingia kwenye pikoti, inadaka uzi, inatoka nao. Haipimi chochote, inapita tu. Ndiyo maana mfumaji wa kroshia mwenye uzi namba 10 anashika sindano ya milimita 1.5 na anafurahi, lakini kulabu hiyo hiyo kwenye shato inagonga pikoti kama ng'ombe anayetaka kuingia banda la kuku.

(Wajerumani wanaiita kazi hii kwa jina la kimashua, kwa sababu ya umbo la shato. Waitaliano wameipa jina linalotokana na kupiga soga. Ukikaa na mke wako na wenzake mchana mmoja utaona wote wawili wana haki.)

Kanuni ninayoitumia karakana ni kwamba kichwa cha kulabu kiwe na unene wa mara moja na nusu hadi mara mbili ya uzi. Kikiwa chembamba kuliko hapo, shingo yake haiubebi uzi wote. Inachoma katikati ya nyuzinyuzi na kuuchambua. Kikiwa kinene zaidi, kinalazimisha, pikoti inavutika, na lesi ikishafuliwa unaona mahali pa kuunga pamelegea wakati kwingine kumekaza. Unene wa uzi unaupata bila mashine. Zungusha uzi kwenye penseli, mizunguko ilalane bila kupandana wala kuachana, mpaka ijaze sentimita moja, kisha hesabu. Ukipata mizunguko 20, uzi ni milimita 0.5. Ukipata 25, ni 0.4. Fanya hivyo kwa kila uzi wanaoutumia, maana namba 20 ya kiwanda kimoja si lazima ilingane na ya kingine.

Kwa uzi wa 0.5 basi, ambao ni karibu namba 10 yao, kulabu ni kati ya 0.75 na 1.0. Kwa uzi wa 0.4, karibu namba 20 yao, ni kati ya 0.6 na 0.8. Unaona zinapokutana: 0.75 inahudumia nyuzi zote mbili za akina mama wako. Kama ningekuwa nachonga shato la kuuza bila kumjua mnunuzi, ningeweka 0.75 nisifikirie zaidi. Kwa Wajapani hiyo ni namba 10, kwa Wamarekani ni namba 14. Akija mtu wa uzi namba 40, mpe 0.6. Wa uzi namba 80 anahitaji 0.4 au 0.5, na hapo nakushauri usipachike kabisa. Chuma chembamba hivyo kinapinda kikibanwa kwenye mkoba, na kukitoa na kurudisha kingine ni kuharibu ncha nzima. Mchongee shato lenye ncha kali tu, ya kuchokolea pikoti na kufungulia fundo lililokosewa, halafu sindano yake uitengenezee kishikio kifupi aivae shingoni kwa kamba. Hao watu wa uzi mwembamba ni wateule, wala hawatalalamika.

Malalamiko ya pili, ya kunasa, hayatokani na saizi peke yake. Nakisia umeacha kulabu ndefu. Mimi mwenyewe shato langu la kwanza lilikuwa na kulabu iliyotoka karibu sentimita nzima. Nililiona zuri mpaka likavuta uzi wa kitambaa cha meza nilichokuwa nimekimaliza nusu, nikakaa nakitazama. Kulabu itoke nje ya ncha milimita 4, ikizidi sana 5. Inatosha kuingia kwenye pikoti na kurudi, na haitoshi kudaka uzi kila shato linapopita chini na juu ya kidole. Kichwa kiwe mviringo, bila kona. Sindano za bei nafuu hugongwa kwa mashine na mara nyingi zina ukingo mkali pembeni mwa kichwa, mahali pande mbili za kalibu zilipokutana. Usiutafute kwa macho, pitisha kichwa kwenye soksi ya nailoni. Ikinasa, chukua msasa laini kabisa, ule wa kutumia na maji, usugue, kisha uvute uzi mnene wenye dawa ya kung'arisha ndani ya mdomo wa kulabu, huku na huku, kama unayesafisha meno. Rudia na soksi.

Mdomo wa kulabu naelekeza juu, shato likiwa limelala kiganjani. Wapo wanaotaka uelekee pembeni, na wa mkono wa kushoto watataka kinyume chake. Uliza kabla gundi haijakauka.

Kupachika ndiko kunakoua mashato mengi. Ukikata sindano, bakiza mkia wa milimita 12 hadi 15 wa kuingia ndani. Mkia huo ukwaruze kwa tupa ili gundi ya epoksi ipate pa kushika. Tundu lizidi unene wa mkia kwa sehemu ya kumi ya milimita tu. Angalia kwamba sindano za chuma hunenepa kuelekea nyuma, hivyo sindano ya 0.75 huenda mkia wake ni wa 1.5 au zaidi. Upime mkia huo, si shingo, kabla ya kuchagua biti ya keekee. Na ukate mbali na kichwa, koleo isije ikaubana na kuupinda mdomo. Palipokatwa hapana tena ile rangi ya nikeli inayozuia kutu, na hapo ulipo ukingoni mwa ziwa kutu haichelewi. Hakikisha sehemu hiyo yote imezama kwenye gundi. Doa la kutu kwenye lesi nyeupe ni gumu kutoka.

Halafu kuna mbao. Mvule ni mti mzuri wa mlango. Kwa shato siupendi. Nyuzi zake zimepishana, na ncha ya shato ni nyembamba, kwa hiyo ukitoboa kwa urefu biti inafuata nyuzi na kutokea pembeni. Tena mvule huwa na mawe ndani, chokaa iliyoganda kwenye mti, na biti nyembamba ikikutana nayo inakatika. Vumbi lake nalo unalijua, linawasha. Tafuta kahawa. Wakulima wanapokata mikahawa mizee ili ichipue upya, mashina yale huishia jikoni kama kuni, nayo ni mbao ngumu, yenye nyuzi laini, inayokubali msasa mpaka ing'ae bila vanishi. Iache ikauke miezi kadhaa kivulini kwanza, ncha zake zikiwa zimepakwa nta au rangi, la sivyo inapasuka.

Pembe ni habari nyingine, na ni nzuri. Imejengwa kwa tabaka kama kitunguu. Ukitoboa kati ya tabaka mbili umezifungua, na zitaachana siku moja mteja atakapoliangusha shato sakafuni. Toboa polepole, biti ikae ndani ya mwili wa kipande, na utoe biti kila milimita mbili ipoe. Ukisikia harufu ya nywele zinazoungua umeshapitiliza. Mimi kwenye pembe sitoboi kabisa. Nachimba mfereji mwembamba upande wa ndani wa bapa moja, nalaza mkia wa kulabu humo, najaza epoksi, nasawazisha. Angalia tu kwamba ncha za bapa mbili za shato bado zinagusana. Uzi ukitoka uwe unasikika ukilia tik, tik. Zikiachana kwa sababu ya chuma ulichoweka katikati, uzi utajifungua wenyewe na shato litaning'inia hadi chini, hata kulabu iwe ya saizi gani.

Na kabla hujalaumu kulabu mpya, mwombe mke wako akuonyeshe pikoti zao. Anayeanza huziacha fupi mno, na kwenye pikoti iliyobanwa hata sindano ya 0.4 haiingii. Mkatie ukanda wa plastiki wa chupa wenye upana wa milimita 3, azungushe uzi juu yake anapoacha pikoti, zote zilingane.

Yale mashato yenye kulabu ya 1.3 usiyatupe. Ya mbao, gusa chuma na ncha ya moto ya mashine ya kulehemu ya fundi redio kwa nusu dakika, epoksi italainika, uvute kwa koleo. Ya pembe usijaribu, pembe nayo inalainika kwa moto na ncha itajikunja; kata kulabu ikae sawa na ncha, noa, iwe shato la kuchokolea. Au tafuta mwenye uzi mnene wa kufumia mikoba. Kwake 1.3 ni saizi yake halali.