Mtoto Anapouliza Kuhusu Dawa za Mzazi

Binti yangu wa miaka minane ameuliza kwa nini nameza kidonge kila saa tatu usiku. Natumia ARV. Baba yake anataka nimwambie kuwa ni vitamini. Nifanyeje?

Vitamini ni jibu la siku chache tu, kwa sababu mtoto aliyekwisha kujua kusoma atakuja kulisoma kopo, na siku hiyo atagundua mambo mawili kwa mpigo: kwamba mama yake anaumwa na kwamba mama yake alimdanganya. (Nimewahi kumwona mama aliyejaza pamba ndani ya kopo ili vidonge visilie, mtoto ndiye aliyeikuta pamba.) Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2011 unashauri kwamba watoto waliofikia umri wa kwenda shule waelezwe hali ya VVU ya wazazi wao, na walio wadogo zaidi waelezwe kidogo kidogo. Kubalianeni kwanza na mwenzako, kisha anza hivi: "Mama ana virusi kwenye damu, na kidonge hiki huvilaza, ndiyo maana sikosi kukimeza." Jina la ugonjwa mtajie atakapoliuliza. Swali linalofuata huwa, "Utakufa?" Mjibu kwamba wanaomeza dawa hizi bila kukosa huishi miaka mingi, na kwamba kula sahani moja au kulala kitanda kimoja nawe hakumwambukizi.

Nina mwezi mmoja kwenye dawa za kifua kikuu. Mwanangu wa miaka mitano aliona mkojo wangu mwekundu akalia, akidhani ni damu.

Rangi hiyo inatokana na rifampisini, ambayo hutia rangi hata jasho na machozi. Mwambie dawa inapaka rangi kama manjano yanavyopaka vidole vya mpishi. Matibabu ya kawaida huchukua miezi 6, kwa hiyo mpe kalenda aweke alama kila unapomeza. Iwapo bado hajachunguzwa kliniki, mpeleke wiki hii.

Bibi huita vidonge vyake vya presha "peremende za bibi".

Aache leo. Mtoto wa miaka miwili akiona peremende huila, na baadhi ya dawa za presha, hata kwa vidonge vichache, zinaweza kumuua. Ziitwe dawa, zifungiwe kabatini.

Kijana wetu wa miaka 13 amekwisha kuelezwa kuhusu ARV za baba yake. Tumzuieje asisimulie shuleni?

Msimwapishe. Mweleze kwamba habari hii ni ya baba, na baba ndiye anayechagua wa kumwambia. Kisha mtajieni mtu mmoja au wawili ambao anaweza kuzungumza nao bila woga, kama vile shangazi anayejua au mnasihi wa kliniki. Baba atakapokwenda kuchukua dawa wakati wa likizo, afuatane naye, akae benchi moja na wengine wanaosubiri, na amuulize muuguzi maswali anayoona haya kumuuliza baba yake.